Ulisema Mvua

Siku ile kwenye benchi la Fundi, pale Magomeni ya huku kwetu kusini, si ile ya Dar es Salaam, tulikuwa watano, na nawataja wote ili asije mtu akasema nimeota. Karibu na meza alikaa Mwalimu Mbawala, mtu wa Songea, aliyewafundisha wajukuu zangu wawili kusoma. Alileta redio ya shule. Akafuata Bi Somoe Chitanda na tochi yake, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Binti yake aliolewa na mpwa wangu Juma kisha akaachika, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana lakini hatuazimani kinu. Wa tatu Hassani Mkwepu, kuli wa bandarini, mume wa wifi yangu, na pasi yake. Wa nne Rajabu. Huyu dada yake ameolewa na Mzee Bakari, na Mzee Bakari ndiye mwenye boti aliyokuwa akiiendesha mwanangu Selemani. Wa tano mimi, na kikapu cha unga wa muhogo mapajani. Ndani ya unga nilificha kifaa cha boti ile, kimekufa, na kisipofufuka Selemani hana kazi.

Wa sita ni Fundi mwenyewe. Yeye simtaji jina. Ninalo, na la baba yake ninalo, maana jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Lakini ukiandika jina la marehemu, msomaji anasema Mungu amrehemu, na mimi sijafika huko. Alizaliwa wapi, ukoo gani, watakaotaka watawauliza ndugu zake. Sisi tulimwita Fundi, na kwa kuwa mafundi wengine walikuwepo mjini, hao wengine ndio tuliowapa majina.

Mimi nimesoma kisomo cha watu wazima tu, na herufi zangu zinayumba kama watu waliokunywa uraka. Mtanivumilia.

Meza ya Fundi ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, na tundu la kitasa alilitumia kusimamishia bisibisi. Alitengeneza redio, pasi, saa, tochi, kipaza sauti cha msikiti, na simu zilipokuja akatengeneza simu. Hakuwa na mwanafunzi. Alisema mwanafunzi ni mtu anayekusubiri ufe.

Zamu yako ikifika unasimama, unakilaza kifaa chako juu ya ule mlango, na yeye bila kukutazama usoni anauliza, "Nani kakiua?" Hakuuliza kimeharibika vipi. Kwake kifaa hakikufa chenyewe, kiliuliwa, na aliyekiua ana jina. Na ulitakiwa kujibu kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa benchi, la sivyo hakifungui. Mtu akisema, "Fundi, kimeharibika kidogo," anamjibu, "Kuna maiti kidogo?" Ukisema bahati mbaya, anakuambia Bahati Mbaya simjui, mlete aje mwenyewe.

Aliuliza mara moja. Akiuliza mara ya pili, ujue amekukamata, na anakufungulia mlango utoke. Ukiupita ule mlango pasipo kusema kweli, yanayofuata ni yako.

Mwalimu Mbawala aliupita. Hii ilikuwa miaka ya nyuma, alipokuja na redio yake ya nyumbani akasema imeanguka kutoka mezani. Fundi akaigeuza, akatazama kona iliyopasuka. "Mwalimu, meza yako ina mikono?" Kisha akauliza tena nani kaiua. Mwalimu akarudia meza. Fundi akaisukuma redio pembeni, akamwambia akae. Wiki tatu Mwalimu Mbawala alikuja kila Jumamosi, akakaa mwisho wa benchi, watu wakimpita, suruali imenyooshwa, mpaka Jumamosi ya nne akasimama akasema kwamba mke wake aliirusha dirishani, kwa kuwa mtoto alikuwa na homa na yeye anasikiliza mpira. Benchi zima lilicheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika ubavu. Fundi hakucheka, aliifungua redio palepale, na kabla ya adhuhuri ilikuwa inaimba. Lakini mpaka anastaafu, wanafunzi wake walimwita Mwalimu Meza.

Sasa msidhani alikuwa mtu mbaya moja kwa moja, ingekuwa rahisi. Bi Fatu Lipende, aliyekuwa akiuza ming'oko, vile viazi vya porini, pale kona, alikuja na redio ya mume wake imepasuka mgongo. Akaulizwa nani kaiua. Yule mama alisimama akasema, "Mgongo wangu." Fundi aliitengeneza redio ile, hakupokea kitu, akaibeba mwenyewe hadi kwao, akamkabidhi mume, Saidi Lipende, mbele ya baba yake Saidi. Akamwambia, "Nimeifunga nati saba. Ukimpiga nayo tena mtu, nati zitaniambia." Na Saidi Lipende, mtu mzima na ndevu zake, aliamini. Bi Fatu alikuwa akimwekea Fundi ming'oko kila siku mpaka anahama mji, naye anaimenya kwa bisibisi ndogo kabisa, taratibu, ganda linatoka jembamba kama karatasi ya sigara.

Na yaliyosemwa kwenye benchi hayakutoka kinywani mwake kamwe. Sisi ndio tuliyatangaza. Yeye alijua aibu za nusu ya Magomeni, na ukikutana naye njiani anakuamkia kama mtu asiyekujua.

Uongo hakusema. Nimemtafutia uongo mmoja miaka yote hii, sijaupata.

Wake wawili walimwacha, na sababu ilikuwa chumvi. Fundi hakula chumvi, wala sukari. Kila kifaa kilicholowa alikipima kwa ulimi: anafungua kifuniko, anakinyanyua, anagusisha ncha ya ulimi kwenye shaba, anafumba macho. Alijua maji ya kisima, maji ya bahari, jasho, mkojo wa mtoto, supu. Alisema ulimi uliozoea chumvi hauwezi kuikamata, kwa hiyo mboga yake ilipikwa ya maji matupu. Yule mke wa pili, Bi Rukia, aliondoka na godoro lake akisema hawezi kuzeeka anapika chakula cha mgonjwa na mgonjwa mwenyewe mzima. Tulicheka. Tulikuwa tunacheka sana siku zile.

Kupima kulikuwa na maana. Kilicholowa mvua alikikausha tu: anakifungua, anakianika, anakipuliza, jioni umekichukua. Kilicholowa bahari alikibomoa chote, kila kipande kinaoshwa kwa maji matamu, halafu spiriti, halafu mswaki, siku tatu nzima. Watu wasiojua walimcheka eti anatibu maji kwa maji. Yeye alijibu kwamba maji hayaui, chumvi ndiyo inaua, na inaua polepole, wewe ukidhani umepona.

Narudi kwenye unga wangu.

Selemani alikuwa nahodha wa boti ya faiba, ya injini, iliyokwenda kununua pweza na kamba kwenye madago, kambi za wavuvi kule Ruvuma inapoingia baharini. Anaondoka Msimbati alfajiri na makasha ya barafu, anarudi jioni. Mdomo wa Ruvuma si mahali pa kuchezea. Maji ni ya matope, huoni chini, na mafungu ya mchanga yanahama kila mvua zikinyesha. Mlikopita mwezi uliopita, leo kuna mchanga. Mvua ikifunika nchi kavu huna pa kutazamia. Ndiyo maana Mzee Bakari alinunua kwa mzungu mmoja mzamiaji kile kifaa, jipiesi wanakiita, kidogo cha kushika mkononi, kina kioo, kinakuonyesha ulipo na njia uliyopita. Selemani alikuwa akipima kina kwa mti, akipata njia salama anaiweka alama mle ndani. Alama zote za mdomo wa mto zilikuwa mle. Mzee Bakari alimwambia mbele yangu, ukumbini kwake, kwamba jipiesi na boti ni kitu kimoja: siku kifaa kitakapokufa mkononi mwako kwa uzembe, boti anakwenda nayo Rajabu.

Rajabu aliitaka boti ile tangu siku ya kwanza. Hakuificha.

Basi siku moja pale Msimbati Selemani anashuka, maji ya magoti, kamba ya kifaa ameivua kwa sababu inamkata shingo, kikamponyoka. Kikalala baharini mpaka alipokipapasa kwa miguu akakipata. Kifuniko cha betri kilikuwa na ufa wa zamani, wamekifunga mpira wa baisikeli. Kikazima. Akaniletea nyumbani kimefungwa kwenye shati, mtoto wangu mkubwa, baba wa watoto watatu, amejikunyata kwenye kigoda. Kipya kilikuwa Dar es Salaam, na barabara ya Dar es Salaam siku zile mvua zikinyesha ilikuwa inakatika, na hata isingekatika, nani angeagizwa Mzee Bakari asijue? Nikamwambia nipe mimi. Bibi kizee na kikapu cha unga nani atamtazama.

Nilifika benchini, nikakaa wa nne. Nilikuwa nimeshaipanga kweli yangu. Hawa watatu mbele yangu, waliokaa kusubiri vifaa vyao vikamilike, wangesikia, Bi Somoe angeichezea wiki nzima, lakini kwa Mzee Bakari isingefika. Ndipo akaja Rajabu na redio kaseti ya shemeji yake begani. Nikamwambia, mwanangu, pita mbele, mimi sina haraka. Nilitaka aende zake. Akapita, akakaa mbele yangu, akaitwa, akasema redio kaiangusha yeye mwenyewe akicheza, akaambiwa arudi kesho. Hakwenda. Alikaa mwisho wa benchi anakula korosho, anatazama kikapu changu. Nadhani unga ulikuwa umedondoka.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikakipangusa kwa kanga, nikakilaza mezani.

"Mama Selemani," Rajabu akasema, "hicho si cha shemeji?"

Fundi akauliza, "Nani kakiua?"

Nikasema, "Mvua. Imemkuta Selemani njiani, begi halikufungika." Kwa sauti, ifike mwisho wa benchi. Mvua ni ya Mungu, haimfukuzishi mtu kazi.

Fundi akafungua nati. Akakinyanyua, akagusisha ulimi, akafumba macho. Nilimtazama kama ninavyoitazama karatasi hii. Akafumbua. Akanitazama usoni, yeye ambaye hakumtazama mtu usoni. Akakiweka chini. Akakianika juani kwenye sinia, akakipuliza, na jioni ile nikakichukua kinawaka, kioo safi, alama za Selemani zote zimo.

Mimi nilijua kwamba anajua. Msinisaidie hapo. Nilitembea nacho kwenda nyumbani nikijua, nikajiambia, kinawaka. Nikajiambia, labda wamezidisha habari za chumvi. Ningeweza kurudi kesho yake kumnong'oneza? Fundi hakupokea mnong'ono. Kweli uliyoificha benchini uliitoa benchini, mbele ya walewale, na mmoja wa walewale alikuwa Rajabu. Nikapika ugali wa ule unga. Selemani alikula, akanibusu mkono, akasema, "Mama, wewe ni kiboko."

Kiliwaka siku kumi na mbili.

Siku ya kumi na mbili mvua iliwakuta mdomoni mwa Ruvuma wakirudi, kasha limejaa, nchi kavu haionekani. Issa, baharia wake, ndiye aliyenisimulia. Alisema kioo kilififia, kikarudi, kikafifia. Selemani alikipiga kiganjani, akakipuliza, akakiweka kwapani akipashe moto, kikarudi tena, akashangilia, akaushika usukani kwa kukifuata, kikazima. Boti ikapanda fungu la mchanga, wimbi likaipindua. Issa aliogelea mpaka kwenye mikoko. Kifaa kilikuwa shingoni kwake, Selemani alimvisha kilipozima ili mikono yake mwenyewe iwe huru. Mwanangu tulimpata siku ya pili.

Fundi alikuja matangani. Alikaa na wanaume siku zote tatu, hakugusa chakula, na wapo waliosema ni huruma, kumbe chakula cha matanga kina chumvi. Siku ya tatu, watu wanatawanyika, akaomba kile kifaa. Issa akampa. Akachuchumaa mbele ya mlango wa chumba changu, akatoa bisibisi mfukoni, akakifungua gotini, akanionyesha ndani. Shaba yote ilikuwa imeota kijani, laini, kama ukungu wa mkate.

"Ulisema mvua, Mama Selemani," akasema. "Nilitengeneza ya mvua."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekurudishia chenji. Kisha akafunga nati zote, moja moja, za kifaa ambacho hakitatumika tena na mtu, akaniwekea mapajani, akaenda zake. Sikumpandishia sauti. Ningepandisha sauti niseme nini? Bi Somoe alikuwa pale, na Mwalimu Meza, na Hassani, wote walionisikia. Mzee Bakari alinunua boti nyingine, akampa Rajabu.

Benchi lile sikulikanyaga tena. Redio yangu iliponyamaza niliiacha imenyamaza.

Ikapita miaka. Nikasikia Fundi amepata kiharusi, amechukuliwa na dada yake, Bi Esha, kule Mahurunga kwenye mashamba ya mpunga. Sikwenda. Nilikwenda Mahurunga kwa jambo jingine, mjukuu wangu Mwajuma alikuwa akiposwa kule, na nyumba tuliyofikia ilitazamana na ya Bi Esha. Bi Esha akaja kunivuta mkono. "Mama Selemani, njoo umwone mgonjwa, watu wa Magomeni hawaji."

Alikuwa amekalishwa barazani, mgongo ukutani. Upande wa kulia umekufa, mdomo umeshuka. Mapajani ana tochi iliyofunguliwa nusu, na mkono wa kushoto unatafuta nati, unaipata, inaanguka, unaitafuta tena. Bi Esha aliniambia mbele yake, kama watu wanavyosema mbele ya wagonjwa, kwamba sasa anakula kila kitu. Chumvi, pilipili, hajui. Juzi wajukuu walimtilia sukari kwenye samaki wakamtazama, akamaliza sahani. "Ulimi wake umekuwa kama kipande cha kandambili," akasema, akacheka, na mimi nikacheka, tabia haina dawa.

Fundi alinitambua. Alisubiri dada yake aingie jikoni. Maneno yalimtoka yamelowana, lakini nilimwelewa, mimi nilimwelewa siku zote.

"Mama Selemani. Kile kifaa. Ilikuwa mvua, au bahari?"

Nikamtazama. Kumbe naye miaka yote alikuwa amekibeba kifaa kile kichwani, kama mimi. Na nikaona jinsi swali lilivyokaa. Nikisema bahari, ulimi wake ulikuwa sahihi, yeye ni fundi kama alivyokuwa, na ameua kwa kujua. Nikisema mvua, hana damu ya mtu mkononi, ila siku ile alionja akakosea, na jioni akanipa kazi mbovu. Mtu mwingine angeshukuru kuwa hana damu. Yeye nilimjua. Wake wawili aliwaachia waende kwa ajili ya ule ulimi.

"Mvua, Fundi," nikasema. "Si nilikwambia?"

Akaunyanyua ule mkono wake mzima, akautoa ulimi nusu, kwa upande ule unaotii, akaugusisha nyuma ya kiganja. Akafumba macho. Akafumbua, akagusisha tena, mahali pengine. Jua lilikuwa kali, mkono unamtoka jasho. Nilimwacha anajilamba hivyo, kama paka, anaitafuta chumvi, nikavuka njia kurudi kwenye posa. Wali ulikuwa mzuri. Nilikula vizuri.

Bi Esha alisema aliendelea na mchezo ule mpaka anakufa, kabla ya korosho za mwaka ule kuokotwa. Hakujua ni mchezo gani.

Ilikuwa bahari. Haya, nimesema, na benchi lote linasikia.

Lakini kuna kitu kimoja kinanisumbua, ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Juzi nilikutana na Rajabu sokoni, naye kazeeka, boti ilishamshinda. Tukasimama, tukasemeshana, akaniambia bila kuulizwa: Fundi alipofumbua macho siku ile, aliuliza tena. Anasema aliuliza polepole, mara ya pili, "Nani kakiua, Mama Selemani?" na mimi nikajibu mvua, tena. Mimi nakumbuka aliuliza mara moja. Majina yote nimeyatunza, nani alikaa wapi, nani alileta nini, na swali hilo la pili, ule mlango wa kutokea, halimo kichwani mwangu kabisa. Mwalimu Mbawala alikuwepo. Bi Somoe alikuwepo, yungali hai kwa mwanawe kule Mikindani. Hassani Mkwepu alikuwepo, kama masikio yake bado yanafanya kazi. Kama aliuliza mara mbili, mmoja wenu aje aniambie ana kwa ana. Nyumba ni ileile, na mchana mlango huwa wazi.